Laptopu tatu, majibu matatu: VirtualBox, VMware au Hyper-V?

Laptopu tatu zilipita mezani kwangu hapa Mwanjelwa, Mbeya, mwezi Juni. Wenye nazo hawajuani, lakini wote walikuja na swali moja: kati ya VirtualBox, VMware na Hyper-V, ipi ni nzuri? Wa kwanza alikuwa binti anayesoma uhandisi wa kompyuta pale MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha hapa Mbeya. Wa pili mhasibu wa mfanyabiashara wa mbao, katoka Mafinga. Wa tatu mwalimu wa TEHAMA wa sekondari moja ya Iringa, alikuwa amekuja Mbeya kumwona dada yake. Kila mmoja alikuwa ameshaambiwa na mtu anayemwamini kwamba fulani ndiyo kiboko ya zote. Nami nilimpa kila mmoja jibu tofauti, na naona maswali niliyowauliza yanaweza kumfaa mtu mwingine kuliko orodha ndefu ya sifa.

Kwa ambaye jambo hili ni jipya: programu hizi hukuwezesha kuwasha kompyuta nyingine nzima ndani ya dirisha la kompyuta yako. Ile unayoishika mkononi ni mwenyeji, ile ya ndani ni mgeni. Kitaalamu huyo mgeni ni mashine pepe, na wengi wetu tunaiita VM. Ana mfumo endeshi wake, Windows au Linux, ana kipande cha RAM ulichomkatia, na diski yake ni faili kubwa tu lililokaa kwenye diski yako. Akiharibika, mwenyeji yuko salama.

Chungulia mashine yako kwanza

Kabla hujapakua chochote, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ufungue Performance kisha CPU. Tafuta neno "Virtualization". Likisema "Disabled", hakuna programu itakayokwenda vizuri. Zima mashine, iwashe ukibonyeza kitufe cha kuingia BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine (HP nyingi ni F10, Dell F2, ThinkPad F1), uwashe virtualization, inayoitwa VT-x kama prosesa ni Intel au SVM kama ni AMD. Kwenye EliteBook na Latitude za mtumba nimekuta mara nyingi imezimwa, na mwenye mashine ameshahama kutoka programu moja hadi nyingine akidhani tatizo ni programu.

Cha pili ni RAM. Kwa GB 4 nakuomba usijaribu. Windows yenyewe pamoja na kivinjari huishia kuimaliza, na mgeni atakaa pale akitambaa. Kwa GB 8 unaweza kumpa mgeni GB 2 au 3, awe Linux nyepesi kama Lubuntu, Linux Mint ya Xfce, au Debian isiyo na dirisha kabisa. Windows 11 kama mgeni hudai angalau GB 4 na diski ya GB 64, kwa hiyo hapo ndipo GB 16 inaanza kuwa na maana. Usimpe mgeni zaidi ya nusu ya RAM wala zaidi ya nusu ya viini vya prosesa. Mwenyeji akikosa pumzi, na mgeni wake hukosa. Viini vingi huleta joto pia. Juni hapa Mbeya feni haisikiki, lakini laptopu hiyohiyo ukiishusha Kyela utaisikia inavuma mchana kutwa.

Cha tatu ni aina ya Windows uliyopigiwa. Fungua Settings, System, About. Kama ni Home, Hyper-V haimo. Imo kwenye Pro, Enterprise na Education. Zipo njia za mkato za kuilazimisha kwenye Home, nami sizipendekezi kwa mtu anayetegemea mashine hiyo kwa masomo au kwa mkate wake.

Na kama bado unatumia diski ya kuzunguka, fedha ya kwanza iende kwenye SSD, diski isiyozunguka. Mifumo miwili inayogombea diski moja ya kuzunguka ni mateso, uwe umechagua programu yoyote ile.

Binti wa mitandao: bando na maabara

Laptopu yake ilikuwa na GB 8, SSD ya GB 256, Windows 11 Home. Hyper-V ikawa imetoka hapo hapo. Alitaka mashine tatu ndogo za Linux ziongee zenyewe kwa zenyewe, moja iwe seva, mbili ziwe wateja, na intaneti yake ni hotspoti ya simu.

Nilimwekea VirtualBox. Sababu ya kwanza ni ndogo lakini kwa mwanafunzi ni kubwa: faili la kusakinishia halizidi sana MB 100 na kitu, na hulipakua bila kujiandikisha popote. VMware Workstation Pro ni kubwa zaidi, na ili uipate unafungua akaunti kwa Broadcom, kampuni iliyoinunua VMware mwaka 2023, ujaze na anwani yako. Si kazi ngumu, ila kwa mtu anayehesabu bando ni hatua ya kufikiria. Sababu ya pili: VirtualBox ni ya chanzo huria tangu mwaka 2007, na mafunzo mengi ya bure atakayoyakuta huitumia hiyo hiyo. Mwanafunzi akikwama saa nne usiku, picha anazoziona kwenye somo zifanane na kilicho mbele yake.

Upande wa mtandao ndipo programu hizi zinapotofautiana hasa, na watu wengi hupapita haraka. Kila moja ina NAT, ambapo mgeni hutokea nje kwa mgongo wa mwenyeji. Lakini kwenye VirtualBox, NAT ya kawaida humfungia kila mgeni chumbani mwake. Hawaonani. Binti alikuwa amekesha akipiga ping (amri ya kuuliza kama mashine nyingine inapatikana) kutoka mashine moja kwenda nyingine bila jibu, akiamini amekosea anwani. Dawa yake ni kutengeneza "NAT Network" na kuwaunganisha wote humo. Kwenye VMware, wageni wote wa NAT wako kwenye swichi moja tangu mwanzo, wanaonana, na mwenyeji huwafikia bila mipango ya ziada. Kwa maabara ya mtandao, nakiri VMware hapo iko mbele. Hyper-V nayo huja na swichi yake inayoitwa Default Switch, inatoa intaneti vizuri, ila anwani zake hubadilika ukizima na kuwasha mwenyeji. Kama umeandika anwani ya seva kwenye faili la mipangilio, asubuhi hutaikuta. Mwenye Hyper-V atengeneze swichi yake mwenyewe ya ndani kwa kazi ya maabara.

Njia nyingine ni Bridged, ambapo mgeni huomba anwani kwenye ruta kama kifaa kinachojitegemea. Kwa waya ni safi. Kwa hotspoti ya simu mara nyingi husumbua, usipoteze usiku wako hapo, rudi kwenye NAT.

Halafu kuna jambo la bando ambalo sijasikia likisemwa vya kutosha. Mgeni hajui kwamba uko kwenye hotspoti. Yeye huona waya wa mtandao tu, hata kama mwenyeji ameshawekewa alama kwamba intaneti hii inalipiwa kwa kipimo. Kwa hiyo mgeni akiwa Windows, ataanza kushusha masasisho kimyakimya mpaka GB zako ziishe. Mara tu umalizapo kumsakinisha, ingia kwenye mipangilio ya mtandao ya mgeni, chagua Ethernet, washa "Metered connection". Fanya hivyo kwenye programu yoyote kati ya hizi tatu. Na kwa Linux, pakua Debian ya netinst, ambayo haifiki GB 1, badala ya Ubuntu ya mezani inayokaribia GB 6. Sakinisha mashine moja tu, kisha igeuze kuwa tatu kwa "linked clone". Zitashiriki diski ya mama na kubeba tofauti zao tu. VirtualBox na VMware zote mbili zinafanya hivyo.

Nilimwambia pia jambo ambalo huenda lingemwondolea haja ya yote haya. Kama angekuwa anataka amri za Linux tu, bila maabara, WSL, yaani Linux inayokaa ndani ya Windows yenyewe, ingemtosha. Inafanya kazi hata kwenye Home, unaandika wsl --install, basi. Kwa wanaojifunza kuandika programu, naiweka mbele ya zote tatu.

Tahadhari moja: ukiwasha Hyper-V kwenye mashine yenye VirtualBox, utaona kobe wa kijani chini ya dirisha la mgeni. Maana yake VirtualBox sasa inapita juu ya Hyper-V, na kweli inakwenda kikobe. Ulinzi wa Windows unaoitwa Memory Integrity huleta hali hiyohiyo. Ukimwona kobe, sababu iko kwa mwenyeji, usihangaike na mgeni. Usikimbilie kuzima ulinzi huo, pima kwanza kama kasi uliyobaki nayo inakutosha. Kwa binti yule ilitosha.

Mhasibu wa mbao: kifunguo cha USB na leseni

Huyu alikuja na habari ya kusikitisha kidogo. Hesabu zote za duka la mbao, miaka na miaka, ziko kwenye programu inayokubali Windows 7 tu, na haifunguki bila kifunguo cha USB kuchomekwa. Kompyuta ya mezani iliyoibeba ilikuwa inazimika yenyewe. "Fundi," aliniambia, "bosi amenunua laptopu mpya, lakini programu inagoma. Hesabu zikipotea mimi ndiye nitakayeulizwa."

Laptopu mpya ilikuwa na GB 16 na Windows 11 Pro, kwa hiyo milango yote mitatu ilikuwa wazi. Hyper-V nayo imo bure, hakuna cha kupakua. Lakini Hyper-V imejengwa kwa ajili ya seva, na haina njia ya moja kwa moja ya kumkabidhi mgeni kifaa cha USB. Kwa kazi ya kifunguo, nimeivuka. Ikabaki VirtualBox na VMware, na zote mbili zinaweza.

Hapa leseni ndiyo inayostahili kusomwa. VirtualBox yenyewe ni bure hata dukani na ofisini. Kile kifurushi chake cha nyongeza, Extension Pack, ni bure kwa matumizi binafsi na ya elimu tu, ofisi inatakiwa kukilipia. Zamani kilihitajika kwa ajili ya USB 2 na 3, ila tangu toleo la 7.0 la mwaka 2022 USB hizo zimo kwenye programu ya msingi. Kwa hiyo mtu wa ofisi akikwambia "weka na Extension Pack", muulize ya nini kwanza. VMware Workstation Pro ilikuwa ya kulipia kwa miaka mingi. Mei 2024 ikawa bure kwa matumizi binafsi, na Novemba mwaka huohuo ikawa bure kwa kila mtu, biashara nazo zikiwemo. Makala nyingi za zamani bado zinasema inauzwa, na zinawatisha watu bila sababu.

Nilimchagulia VMware. Dirisha lake ni laini zaidi kwa mtu anayeshinda ndani ya mgeni kutwa nzima, panya haichelewi, na unaweza kuiambia ikumbuke kwamba kifunguo kile kikichomekwa kiende kwa mgeni moja kwa moja. Kwa mhasibu asiyetaka kujua habari za menyu, hilo ni kubwa. Kisha nikafanya jambo moja ambalo namsihi kila mwenye Windows 7 alifanye: nilimkatia mgeni mtandao kabisa. Windows 7 iliachwa bila masasisho ya usalama tangu Januari 2020. Hesabu hazihitaji intaneti, basi asiwe nayo. Taarifa zinatoka kwa foleda ya pamoja, inayofunguliwa wakati wa kuhamisha faili na kufungwa baadaye. Na leseni ya Windows ya mgeni ni yake, ya mwenyeji haimhesabu.

Umeme ulituchukua muda. Ukikatika ghafla wakati mgeni anaandika kwenye diski yake, ni sawa na kuchomoa waya wa kompyuta ya kweli, na hifadhidata ya hesabu haipendi hivyo hata kidogo. Hyper-V ndiyo yenye adabu zaidi hapa: Windows ya mwenyeji ikizimwa kwa utaratibu, yenyewe huhifadhi hali ya wageni, na ikiwashwa huwarudisha walipokuwa. VirtualBox na VMware kwa kawaida zinakutegemea wewe, kwa "Save the machine state" au "Suspend". Laptopu ina betri, hivyo nilimpangia Windows ijilaze yenyewe betri ikishuka, na nikamzoesha kusitisha mgeni kabla ya kwenda chakula cha mchana. Kwa mtu wa kompyuta ya mezani anayetaka seva ndogo ikeshe ikifanya kazi na ana Windows Pro, ningempa Hyper-V bila kusita. Sauti na picha zake ni hafifu, ila seva haihitaji sauti.

Mwalimu wa Iringa: darasa zima kwa diski moja

"Kamwene, fundi," alianza, kisha akanieleza maabara yake. Kompyuta kumi na mbili, zote GB 8, Windows 10 na 11 zimechanganyika. Wanafunzi wanafuta faili za mfumo, wanabadilisha nywila, wanachomeka flashi zilizotoka steshenari zikiwa na virusi. Kila Jumatatu yeye anapiga Windows upya.

Kazi yake ni ya snapshoti: unapiga picha ya hali ya mgeni akiwa mzima, wanafunzi wanaharibu watakavyo, jioni unamrudisha kwenye picha. Zote tatu zinayo. Hyper-V huiita "checkpoint". Kwa kuwa shule ni elimu, leseni ya VirtualBox haimbani popote, nayo haijali kama Windows ni 10 au 11, Home au Pro. Nikampa VirtualBox.

Kilichobaki ni kusambaza. Unatengeneza mgeni mmoja, unamtoa kama faili la OVA, unalipeleka kwenye mashine zote. VirtualBox na VMware husoma na kuandika OVA, kwa hiyo kesho akibadili mawazo hajafungwa. Hyper-V ina mtindo wake wa foleda. Mwalimu alikuwa ameshajaribu na kukwama: faili la GB 7 lilikataa kuingia kwenye flashi ya GB 32 iliyo tupu. Flashi ilikuwa FAT32, na FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4. Ukiifomati exFAT, linaingia. VMware inatoa njia nyingine, ya kuigawa diski ya mgeni vipande vidogo wakati wa kuitengeneza.

Nilimwonya pia kuhusu nafasi. Diski ya mgeni iliyowekwa ikue kidogo kidogo hukua kweli, lakini haisinyai yenyewe ukifuta vitu ndani. Na kila snapshoti inabeba mabadiliko yote yaliyofuata. Shule iwe na picha moja safi, si kumi.

Na hapa niseme langu. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa na mgeni mwenye snapshoti kumi na moja, nikijiona nimejilinda kila upande. Diski ya laptopu ikafa, na zote kumi na moja zikafa nayo, kwa kuwa zilikaa palepale. Tangu siku hiyo nakala yangu ni ile iliyo kwenye diski nyingine, ndani ya droo nyingine.

Wenye Linux na wenye Mac

Mwenye Linux tayari anayo KVM, kitu cha kuendeshea mashine pepe, iko ndani ya kerneli (moyo wa Linux) tangu mwaka 2007, na ni nyepesi. GNOME Boxes inatosha kwa anayeanza, virt-manager kwa anayetaka kupanga mitandao yake. Sioni sababu ya kumwekea kitu kingine, labda kama darasa zima linatumia VirtualBox.

Mac zenye chipu ya Apple, zilizoanza na M1 mwaka 2020, ni habari tofauti. Chipu hizo ni za aina ya ARM, na mgeni anatakiwa awe wa ARM pia. UTM na VMware Fusion ni bure na zinafaa kwa Linux ya ARM. Programu ya zamani ya Windows kama ile ya mbao, usiinunulie Mac.

Kuhama

Mhasibu alipiga simu Septemba. Laptopu ilianguka, kioo kikapasuka, bosi kanunua nyingine. Kila Ijumaa jioni alikuwa akimzima mgeni kabisa na kunakili foleda yake nzima kwenda diski ya nje, kama tulivyokubaliana. Nilisisitiza amzime, asimsitishe tu, kwa sababu hali iliyohifadhiwa kwenye prosesa moja inaweza kukataa kuamka kwenye nyingine. Nikamwelekeza kwa simu: asakinishe VMware, anakili foleda, abofye mara mbili faili la VMX, lenye mipangilio ya mgeni.

"Fundi, inaniuliza kama nimeihamisha au nimeinakili."

"Chagua umeihamisha, dada." Ukichagua umeinakili, VMware humpa mgeni utambulisho mpya, na programu zenye leseni zinaweza kudhani ziko kwenye kompyuta ya kigeni. Akabofya, akachomeka kifunguo, akanyamaza kidogo. Halafu nikasikia anasoma jumla ya mauzo ya Ijumaa iliyopita.